Mawazo mingi si kichaa

Mtanzania anasema sonona. Mkenya, mara nyingi, anaandika unyogovu. Sisi wa Bukavu tunasemaje? Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo niliwauliza wenzangu wa promosheni, na majibu yalikuwa ya aina tatu. Kuna waliosema dépression, kwa Kifaransa, kama neno linavyosikika redioni. Kuna waliosema "mawazo mingi". Na kuna waliocheka kwanza, halafu wakasema: "Ile ya SOSAME."

Sisi tunaosoma lugha tungepaswa kuyaangalia majibu haya kwa makini. La kwanza ni neno la daktari, na mama anayeuza ndizi sokoni Kadutu halitumii. La pili ni neno la watu wote, lakini halina uzito wa ugonjwa: kila mtu ana mawazo, na nani atapanga foleni hospitalini kwa sababu ya mawazo? La tatu ni mzaha, na mzaha huo unamwambia mgonjwa kwamba akifungua kinywa ataitwa kichaa. Basi anayeumwa anabaki na neno asilolielewa, neno lisilo na uzito, na neno la aibu. Haishangazi kwamba ananyamaza.

Ninaandika kama mwanafunzi wa lugha. Mimi si daktari. Hoja yangu ni kwamba mkanganyo huu wa maneno unawachelewesha watu wetu kupata tiba, na kwamba tiba yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya maneno. Kwa hiyo kitivo chetu kina jambo la kufanya ambalo hospitali haziwezi kulifanya peke yao.

Ugonjwa wenyewe ni nini

Tuanze na maana. Madaktari hawamwiti mtu mgonjwa wa sonona kwa sababu amelia. Wanatafuta dalili tisa: huzuni au utupu moyoni karibu siku nzima, kutofurahia tena yale yaliyokuwa yakimfurahisha, hamu ya chakula kupotea au kuzidi, usingizi kukatika au kuzidi, mwili kuwa mzito au kutotulia, uchovu usioisha, kujiona hana thamani au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kukaza fikira au kukata shauri, na kuwaza kifo mara kwa mara. Mtu akiwa na dalili tano au zaidi, moja ikiwa kati ya zile mbili za kwanza, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, hata kazi, masomo au nyumba vikaanza kumshinda, hapo daktari anazungumza juu ya sonona.

Tofauti mbili ni muhimu. Kwanza, sonona si msiba. Anayefiwa hulia, lakini jamaa wakija, habari ya marehemu ikisimuliwa, anaweza hata kucheka kidogo, kisha machozi yakarudi. Mwenye sonona hata kicheko hicho hakimfikii, na mara nyingi huzuni yake inageuka kuwa hukumu juu yake mwenyewe: mimi ni mzigo, mimi ni bure. Pili, sonona si kichaa. Wenye sonona walio wengi wanajua wako wapi, leo ni siku gani na wanazungumza na nani. Wanakwenda sokoni, wanafundisha, wanaendesha teksi. Ndiyo sababu hatuwaoni.

Sasa tazama jinsi ugonjwa huu unavyosemwa kwetu. Miezi kadhaa iliyopita nilisaidia kutafsiri katika kituo kimoja cha afya cha mtaani. Muuguzi alikuwa na fomu ya Kifaransa mkononi, na mbele yake alikaa mama wa makamo aliyekuja kwa ajili ya kichwa na kifua.

"Mama, uko na dépression?" aliuliza.

"Hapana," yule mama akajibu haraka. "Miye niko mukristu."

Muuguzi akaandika "hapana" na kutaka kuendelea. Nikaomba ruhusa nimuulize kwa njia nyingine.

"Mama, unalalaka muzuri?"

"Kulala? Ile iliishaka kitambo. Niko naangalia tu manjanja mpaka asubuyi."

"Na chakula?"

"Ninakulaka juu watoto waone kama ninakula."

Kwa maswali mawili tu fomu ile ilikuwa imebadilika. Neno la kwanza mama alilisikia kama shutuma juu ya imani yake, na akajitetea. Alipoulizwa juu ya usiku na juu ya sahani, alijibu kweli. Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi na karatasi iliyoandikwa katika lugha isiyokuwa ya mgonjwa. Lakini kama mazungumzo yangeishia kwenye swali la kwanza, mama yule angerudi nyumbani na vidonge vya kichwa.

Sababu: tuulize "nini", si "nani"

Mtu akianza kudhoofika bila homa, swali la kwanza katika familia nyingi ni: nani amefanya hivi? Jirani, mke mwenza, mjomba mwenye wivu? Swali la pili ni: amefanya dhambi gani? Maswali haya yote mawili yanatafuta mkosaji. Ningependa tuulize: nini kimetokea, na nini kinaendelea kutokea?

Sonona haina sababu moja. Kuna upande wa mwili: katika baadhi ya koo ugonjwa huu hurudi kizazi baada ya kizazi, kwa sababu sehemu ya uwezekano wa kuupata hurithiwa. Mama aliyejifungua anaweza kuupata wiki chache baada ya kuzaa. Ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa damu, maradhi ya muda mrefu na pombe vinaweza kuuleta, kuuzidisha au kufanana nao. Hii ndiyo sababu daktari mwema hupima mwili kabla ya kutoa jina.

Kuna upande wa yale yaliyompata mtu: kufiwa na mzazi utotoni, kupigwa, kubakwa, kufukuzwa nyumbani, kuona mtu akiuawa. Na kuna upande wa maisha ya leo: deni, njaa, ndoa yenye ugomvi, kazi isiyopatikana, na zaidi ya yote upweke. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Kiingereza, George Brown na Tirril Harris, walitoa kitabu juu ya wanawake wa mtaa wa Camberwell, London. Waligundua kwamba pigo zito la maisha lilimwangusha kwa urahisi zaidi mwanamke asiyekuwa na mtu wa karibu wa kumweleza siri zake. Pigo lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa kuwepo au kutokuwepo kwa mtu wa kumsikiliza.

Pima sasa mji wetu kwa kipimo hicho. Bukavu ilitekwa Oktoba 1996, ikatekwa tena Juni 2004, na Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia. Katikati tulipata tetemeko la Februari 2008, maporomoko ya udongo na moto unaoteketeza nyumba za mbao zilizobanana. Mtu mwenye miaka 35 leo ameyaona yote hayo. Baada ya Februari 2025 benki zilifungwa, na wenye mishahara wakakosa njia ya kuifikia. Wanafunzi wengi waliachana na wenzao bila kuagana, kila mmoja akikimbilia upande wake. Hivyo basi tuna mapigo mengi, na tuna watu wachache waliobaki karibu wa kuambiwa. Kumtafuta mchawi katikati ya hesabu kama hiyo ni kuacha kusoma kilichoandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Sitaki kuwadharau wanaosali. Nimekulia katika nyumba ya sala, na najua mtu anayeombewa na watu wanaomjua kwa jina hupata nguvu. Kanisa humwondolea mgonjwa upweke, na upweke, kama tulivyoona, ni sehemu ya ugonjwa. Ninachokipinga ni chumba cha maombi kinachomfungia mgonjwa, kinachomkataza chakula mtu ambaye tayari hali, au kinachomwambia kwamba asipopona ni kwa sababu imani yake ni haba. Mwenye sonona anajilaumu usiku na mchana. Kumwongezea lawama kwa jina la Mungu ni kuulisha ugonjwa.

Mwanaanthropolojia Margaret Field aliliona jambo linalofanana na hili nchini Ghana. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza juu ya wanawake wa vijijini waliokwenda kwenye madhabahu ya miungu ya kienyeji na kujishtaki wenyewe kuwa ni wachawi: sisi ndio tulioua watoto wetu, sisi ndio tulioharibu mashamba. Field, ambaye pia alikuwa daktari, aliwatambua wengi wao kuwa wagonjwa wa sonona. Ugonjwa ulikuwapo, na ulikuwa umevaa lugha ya mahali pale. Anayesikia maneno tu atamwona mchawi. Anayesikiliza mtu atamwona mgonjwa.

"Ni ugonjwa wa wazungu"

Katika auditwari zetu kuna msemo mwingine: sonona ni anasa ya Ulaya, Mwafrika hana nafasi ya kuugua huzuni. Wanaousema wanadhani wanatetea heshima yetu. Ningewaomba wajue msemo huo umepita wapi. J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari huko Nairobi wakati wa ukoloni, aliandika mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba Mwafrika hana hisia ya kuwajibika yeye binafsi, basi hawezi kujilaumu. Anayesema leo "sisi hatuna dépression" anarudia, bila kujua, hukumu ya mkoloni juu ya akili ya baba zake.

Shirika hilo hilo sasa linakadiria kwamba takriban watu milioni 332 duniani wanaishi na sonona, na ugonjwa huu haukuchagua bara. Carothers aliwahesabu waliofika hospitalini, na mtu anayenyamaza nyumbani hahesabiwi na yeyote.

Tiba inayofanywa kwa maneno

Nije sasa kwenye tiba ya maongezi, maana hapa ndipo wenzangu wengi wanapotikisa kichwa. Wanasema: kuzungumza kuna faida gani? Maneno hayalipi minervali. Ni swali la haki, na linajibiwa kwa matokeo.

Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, eneo lililokuwa limeumizwa sana na ukimwi. Kabla ya kutibu, waliuliza maneno. Wanakijiji wakawapa mawili ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Ukiyaweka pamoja, yanakusanya karibu dalili zote za sonona. Ndipo wakaunda vikundi vya wanawake na vikundi vya wanaume, vilivyokutana kwa dakika 90 kila wiki, wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Kila mtu alisaidiwa kuunganisha huzuni yake na jambo lililotokea kati yake na watu: kifo, ugomvi, au badiliko la maisha. Mwanzoni asilimia 86 ya waliokuwa vikundini walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu.

Zimbabwe nayo ilianza na neno. Washona husema kufungisisa, na tusidanganyike na mzizi: -funga ya Kishona ni kufikiri, na kiambishi cha mwisho kinaongeza nguvu, basi ni kufikiri kupita kiasi. Hiyo si ndiyo "mawazo mingi" yetu? Daktari Dixon Chibanda hakulidharau neno hilo. Kuanzia mwaka 2006, mjini Harare, akina bibi waliofunzwa waliketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hatua ya kwanza ya maongezi waliiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Mgonjwa hutaja matatizo yake yote, huchagua moja, hulitafutia hatua ndogo anayoweza kuichukua wiki hiyo, kisha hurudi kueleza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, kwa watu 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliopitia benchi, na kwa asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida.

Na hapa kwetu? Watu wengi wa Bukavu hawajui kwamba moja ya majaribio makubwa ya tiba ya maongezi katika nchi yenye vita lilifanyika Kivu Kusini na Kivu Kaskazini. Lilichapishwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine, na lilihusu wanawake 405 waliopitia au kushuhudia ukatili wa kingono. Katika baadhi ya vijiji wanawake walipata msaada wa mshauri, mmoja mmoja. Katika vijiji vingine walikutana pia kwa kikundi na kufundishwa kuyachunguza mawazo yaliyowanasa: "Ni kosa langu." "Ningepiga kelele, wasingenifanyia." "Mimi sasa si mtu." Kila wazo liliulizwa: linasimama juu ya nini? Ungemwambia dada yako hivyo? Kwa kuwa wengi wao hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili yashikwe kichwani. Miezi sita baadaye, katika vikundi vile, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9. Kwa wale wengine, asilimia 42. Na vita havikuwa vimekwisha.

Hilo la mwisho ndilo jibu kwa wanaosema tungoje amani kwanza. Amani inahitajika, na hakuna mazungumzo ya chumbani yanayoweza kuchukua nafasi yake. Lakini wanawake wale walipona kiasi kikubwa wakiwa bado maskini na bado katika hatari. Maneno hayakulipa deni. Yalimrudishia mtu nguvu ya kuamka asubuhi na kuanza kulilipa.

Niseme pia kwamba tiba ya maongezi haitoshi kwa kila mtu. Sonona ikiwa kali, daktari anaweza kuandika dawa. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia, na haifai kuziacha ghafula kwa sababu mtu ameanza kujisikia vizuri. Dawa na maongezi si maadui.

Tufanye nini

Mjini tuna mahali pa kuanzia. SOSAME, kituo cha afya ya akili kinachoendeshwa na mabruda wa Frères de la Charité, hakipokei "vichaa" tu kama tunavyotaniana. Kinahudumia watu wenye maradhi mbalimbali ya akili na ya neva, sonona ikiwamo. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, imejenga huduma yake juu ya nguzo nne: matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na wa kujitegemea kimaisha. Na kwa asiyejua aanzie wapi, kituo cha afya cha karibu kinaweza kumpima na kumwelekeza. Akifika, asiseme tu "kichwa inaniuma". Aseme halali tangu lini, hali tangu lini, hafurahii kitu tangu lini.

Kuna hali isiyongoja. Rafiki akisema afadhali afe, akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu bila safari, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humpa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye sumu na vitu vya hatari, na mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama anakusihi uifanye siri.

Sasa zamu yetu, watu wa lugha. Kivu hii ina mfano wake mzuri. Utapiamlo unaovimbisha watoto, madaktari wanaouita kwashiorkor, Washi walikuwa na neno lake: bwaki. Watu wa Bukavu walipoamua kupambana na ugonjwa huo katika miaka ya 1960, waliunda Comité Anti-Bwaki. Hawakumlazimisha mama ajifunze neno geni kabla ya kumwokoa mtoto wake; walilichukua neno aliokuwa nalo mdomoni na kulipa uzito wa vita. Sonona inastahili kufanyiwa vivyo hivyo.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kitivo kiandae faharasa ndogo ya zile dalili tisa katika Kiswahili cha hapa, Mashi, Kihavu, Kirega, Kifuliiru na Kibembe. Isiandikwe ofisini kwa kamusi. Twende sokoni, kanisani, msikitini, bandarini, tuulize watu wanasemaje wanapokosa usingizi kwa huzuni, kisha mtu mwingine ayarudishe maneno yale katika Kifaransa bila kuona asili, tuone kama maana imesalia. Hiyo ni kazi ya TFC kumi, na kila moja ingesomwa na mtu nje ya maktaba, jambo ambalo kazi zetu nyingi hazilipati.

La pili, tufundishwe ukalimani wa hospitali. Mkalimani asiyefunzwa hulainisha: mgonjwa anasema "nataka kufa", naye kwa aibu anatafsiri "amechoka". Au anakuwa jirani, na kesho mtaa mzima unajua. Kutafsiri bila kupunguza na kutunza siri ni ufundi, na unafundishika.

La tatu halihitaji pesa wala ruhusa ya mkuu wa kitivo. Tuache kulitumia jina la hospitali kama tusi. Mwanafunzi anayesikia kila siku katika auditwari kwamba wa SOSAME ni wa kuchekwa, siku akihitaji kwenda huko atazunguka mtaa mara tatu ili asionekane langoni, kisha atarudi nyumbani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini katika ugonjwa huu, mara nyingi sisi wengine ndio tunaomlazimisha mgonjwa aufiche.

Kuhusu neno lenyewe, sina haraka. Sonona ni neno zuri, na kitenzi chake, kusononeka, kina uchungu ndani yake. Wakipenda walimu wetu, tulifundishe. Lakini mama wa Kadutu akisema "niko na mawazo mingi, na usingizi inakataa", amekwisha kusema vya kutosha. Kinachobaki ni mtu mbele yake anayejua kwamba hayo ni malalamiko ya mgonjwa, na kumuuliza: tangu lini, mama?